Kinjeketile wa Mohoro na Kinjeketile wa Jukwaani: Juu ya Mhusika na Dhamira katika Tamthilia ya Kihistoria

Anayesahihisha kazi za wanafunzi wa Kiswahili hapa Bunia hukutana mara kwa mara na ukurasa wa namna moja. Kwanza huandikwa jina la mhusika, kisha zikafuatia sifa zake: jasiri, mzalendo, mwenye hekima, mkaidi. Chini yake huja dhamira, nazo zimepewa nambari: ukoloni, umoja, usaliti, nafasi ya mwanamke. Hakuna kosa katika ukurasa huo la kumfanya mwanafunzi anyimwe alama. Hata hivyo, ukifuta jina la kitabu na la mtunzi, ukurasa uleule waweza kubandikwa juu ya tamthilia kumi nyingine bila kubadilishwa neno. Kazi inayofaa kila kitabu haijasema jambo juu ya kitabu chochote.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mhusika na dhamira si safu mbili za kupangwa kando kwa kando. Katika tamthilia iliyotungwa vizuri, dhamira huonekana pale hasa mhusika anapolazimika kutenda, au kukataa kutenda. Mfano wetu utakuwa tamthilia ya Ebrahim Hussein iitwayo "Kinjeketile", iliyochapwa na Oxford University Press mwaka 1969 na kutolewa kwa Kiingereza na mtunzi mwenyewe mwaka 1970. Tumeichagua kwa sababu mbili. Mhusika wake mkuu alikuwa mtu wa kweli ambaye habari zake zimehifadhiwa, kwa hiyo tunacho kipimo: twaweza kuona mtunzi alichukua nini, aliacha nini, na alihamisha nini. Sababu ya pili ni kwamba kwetu Ituri habari za maji yanayogeuza risasi si hadithi ya nchi ya mbali.

Yafaa pia kukumbuka asili ya istilahi tunazozitumia. Tunaposema mhusika bapa na mhusika duara tunafuata mgawanyo uliotolewa na E. M. Forster mwaka 1927 katika mihadhara yake juu ya riwaya. Riwaya ina msimulizi ambaye aweza kuingia moyoni mwa mtu na kutuambia anachokiwaza. Jukwaa halina ruhusa hiyo. Mhusika wa jukwaani ni yale anayoyatenda, anayoyasema, yanayosemwa juu yake asipokuwapo, na kimya chake. Aristotle, aliyekuwa akizungumzia tamthilia na si riwaya, alitanguliza tendo na kumweka mhusika nyuma yake. Hatuna nia ya kumfanya Aristotle mwamuzi wa fasihi ya Kiswahili; lakini katika jambo hili wanafunzi wetu wangefaidika wakimsikiliza yeye kabla ya Forster.

Kinjeketile wa historia

Kinjeketile Ngwale aliishi Ngarambe, kusini ya Mto Rufiji, karibu na vilima vya Umatumbi, katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Masimulizi ya wazee yanaeleza kwamba mwaka 1904 alipandwa na pepo aitwaye Hongo, akavutwa ndani ya maji, na alipotoka siku ya pili nguo zake zilikuwa kavu. Tangu hapo watu walianza kumiminika Ngarambe kuchukua dawa, na wajumbe wakaipeleka katika nchi za jirani. Iliaminika kwamba aliyepata dawa hiyo, akashika miiko yake, risasi za Wajerumani zingegeuka maji mwilini mwake.

Sababu za vita hazikuwa za kipepo hata kidogo. Tangu mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilikuwa ikitoza kodi ya nyumba. Kuanzia mwaka 1902, chini ya gavana Götzen, ilianzishwa mipango ya mashamba ya pamba ya pamoja katika nchi za kusini ya pwani: watu walilazimishwa kulima, mashamba yao wenyewe yakakaa bila mwenye kuyapalilia, na malipo yakawa kidogo mno au hayakufika. Msomaji wa Kongo huenda akapenda kujua kwamba huyu Götzen ndiye yuleyule aliyepita kwetu mwaka 1894 akitoka Rwanda, akaliona Ziwa Kivu, kisha akavuka misitu hadi kufika upande wa Atlantiki. Mipaka yetu ya leo haikuwazuia watu wale kutufahamu sote.

Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, na hicho kikawa kitendo cha kwanza cha vita. Kinjeketile alikwisha kukamatwa. Tarehe 4 Agosti 1905 alinyongwa Mohoro. Vita vyenyewe ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza kuenea. Shambulio kubwa juu ya boma la Mahenge, ambako wapiganaji wengi waliangushwa na bunduki za rashasha, lilitokea tarehe 30 Agosti, karibu mwezi mzima baada ya kifo chake. Mapigano yaliendelea katika sehemu nyingine hadi mwaka 1907. Wajerumani walichoma vijiji na ghala za chakula, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Serikali ya Kijerumani ilikadiria vifo kuwa 75,000, mwanahistoria G. C. K. Gwassa baadaye alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Kwa hiyo Kinjeketile wa historia hakuona vita vyake vikishindwa. Hakuulizwa kitu chochote na waliosalia, kwa kuwa alikufa kabla ya swali kuzaliwa.

Kuna jambo moja zaidi la kuzingatia kabla ya kupanda jukwaani. Hata huyo Kinjeketile wa historia amefinyangwa na wasimulizi. Bwana Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa vita hivyo, ambao W. H. Whiteley aliuchapisha mwaka 1957, nao hauwatazami waasi kwa jicho la upole. Nyerere, alipozungumza mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, aliwataja wapiganaji haohao kama ushahidi kwamba wananchi hawakuwahi kukubali kutawaliwa. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960 waliona katika Maji Maji mwanzo wa umoja uliokuja kuzaa uhuru. Na mwaka 2010 kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson kilikusanya watafiti waliotilia shaka mambo mengi ya picha hiyo, wakaonyesha kwamba kila nchi ilipigana kwa sababu zake, na kwamba hata nafasi ya maji yenyewe haikuwa sawa kila mahali. Mwanafunzi anayedhani kwamba historia ni jiwe na tamthilia ni udongo hana budi kufikiri tena.

Alichokihamisha Hussein

Hussein alikuwa mwanafunzi Dar es Salaam wakati masimulizi ya wazee juu ya Maji Maji yalipokuwa yakikusanywa na wenzake wa idara ya historia. Aliyafahamu. Katika maelezo yake ametahadharisha kwamba Kinjeketile wa tamthilia ni kiumbe cha ubunifu, na kwamba historia isitumiwe kuipima kazi hiyo. Wahakiki wengi hunukuu tahadhari hiyo kisha wakaendelea na safari yao, kana kwamba mtunzi ameomba tu radhi kwa makosa madogo. Kwa maoni yetu, hapo ndipo uhakiki unapoanza. Hatumpimi kwa historia; tunauliza tu kwa nini kila tofauti imewekwa pale ilipowekwa.

Tofauti kubwa kuliko zote ni ile ya tarehe. Jukwaani Kinjeketile haning'inizwi mwanzoni mwa vita. Anaishi. Anaona watu wakienda vitani kwa imani ya maji, anaona walivyoangamizwa, kisha anatiwa kifungoni, na huko anatakiwa na wakoloni atangaze kwamba maji yalikuwa uongo. Mtunzi amechukua siku chache za Agosti 1905 akazivuta mpaka mtu aliyekufa mapema akapata kusimama mbele ya matokeo ya neno lake. Kusingekuwa na uvutaji huo, tamthilia ingekuwa na mganga, lakini isingekuwa na mhusika.

Mwanafunzi aliyeandika "dhamira: imani za kishirikina" angejiuliza swali hili: kama Hussein alitaka kusema tu kwamba imani ya maji iliwapoteza watu, kulikuwa na haja gani ya kumrefushia Kinjeketile maisha? Mahenge peke yake ingetosha. Bunduki ya rashasha haihitaji mhakiki wa kuifafanua.

Jibu limo katika neno lenyewe la "neno". Kinjeketile wa jukwaani anakuja kutambua kwamba mtu aweza kuzaa neno, likakua, likamzidi nguvu aliyelizaa. Utambuzi huo haumjii ghafula mwishoni. Unaanza katika onyesho ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kiini cha tamthilia, ingawa kazi nyingi za wanafunzi hulipita kwa sentensi moja: pale Kinjeketile, akiwa amepandwa na Hongo, anatabiri kwamba Wajerumani watafukuzwa na watu watakuwa chini ya Seyyid Said. Akili zinapomrudia anashtuka. Kumbe ukombozi alioutangaza una mtawala mwingine ndani yake. Ni nani aliyesema kwa kinywa chake? Kama ni Hongo, Hongo anataka nini? Kama ni yeye mwenyewe, basi yeye ni nani?

Seyyid Said wa historia alifariki mwaka 1856, karibu miaka hamsini kabla ya siku hizo. Jina lake jukwaani si jina la mtu. Ni jina la utawala, lililokaa katika vinywa vya watu hata mwenyewe alipokwisha kuoza. Hapo Hussein ameonyesha kwa tendo moja namna lugha inavyomtumia msemaji. Msemaji anadhani anatangaza jambo jipya, na msamiati alionao unamrudisha utumwani. Kwa sisi tuliosomea isimu hili si jambo la kupita haraka haraka. Kinjeketile anaanza kutilia shaka si maji tu, bali ulimi wake mwenyewe, na tangu hapo anawaomba watu wasubiri. Watu hawawezi kusubiri tena.

Je, huyu ni jasiri? Ni mwoga? Ni mzalendo? Sifa zote tatu zaweza kuthibitishwa kwa mistari ya kitabu, ndiyo maana haifai kuzipanga safu. Anachokifanya ndicho kinachojibu. Aliyesema katika hali ya kupandwa anakuja kunyamaza katika hali ya utimamu, na kimya hicho cha mwisho kina uzito kuliko utabiri wote wa mwanzo.

Kitunda, na wanawake

Mbele ya Kinjeketile amewekwa Kitunda. Huyu ni kiongozi wa mapigano, mtu wa mazoezi na hesabu, anayependa kujua bunduki ziko ngapi na nani atapita wapi. Vitabu vya mwongozo humwita mhusika msaidizi. Neno hilo halimtendei haki. Kitunda ndiye kipimo ambacho kwacho tunajua Kinjeketile amekwenda umbali gani. Yeye ana sababu ya damu ya kupigana, kwa vile mnyapara amemfikia hata katika nyumba yake, na hata hivyo ndiye anayetaka watu wafundishwe kupigana bila kutegemea maji. Kinjeketile ana neno la kuwaunganisha watu, na Kitunda ana ujuzi wa kuwafanya wabaki hai. Msiba wa tamthilia ni kwamba neno limetangulia na ujuzi umechelewa.

Wanawake wanafungua tamthilia. Bibi Kinjeketile na Bibi Kitunda wanazungumza juu ya njaa na kazi ya shamba la Mzungu, na kabla mganga hajatamka lolote sisi watazamaji tumekwisha kuelewa kwa nini watu watalipokea lolote atakalotamka. Kwa kweli hotuba nzima juu ya sera ya pamba isingeweza kufanya kazi iliyofanywa na mazungumzo hayo ya jikoni. Lakini pia ni lazima tuseme kwamba baada ya mwanzo huo mzuri mtunzi hawapi tena uzito uleule. Vita vinapopangwa, wao wanabaki pembeni. Kuandika "nafasi ya mwanamke" katika orodha ya dhamira za "Kinjeketile" ni kukipa kitabu sifa ambayo hakikuitafuta. Anayetaka dhamira hiyo amsome Penina Muhando, hasa "Nguzo Mama" ya mwaka 1982, ambamo wanawake wenyewe ndio tendo.

Majina ya makabila

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo huenda msomaji wa Dar es Salaam hulipita bila kusimama, na msomaji wa Bunia hawezi kulipita. Baadhi ya wahusika hawana majina yao binafsi. Mmoja anaitwa Mngindo, mwingine Mkichi. Kwa kanuni za vitabu vya mwongozo, hao ni wahusika bapa, vivuli vya kujaza jukwaa. Wakati wa kukutana, kila mmoja anasema akiwa kabila lake, na shaka walizonazo baina yao ni za kikabila: nani atatuuza, nani alitukosea zamani, kwa nini sisi tutangulie.

Hapa Ituri tumeishi miaka ambayo jina la kabila lilitosha kumaliza habari za mtu. Vita vya 1999 hadi 2003, na vile vilivyozuka tena mwishoni mwa 2017, vilitufundisha kusikiliza kiambishi cha m- na cha wa- kwa namna ambayo sarufi haikukusudia. Mwanafunzi wa hapa anaposoma ukurasa wa wahusika akakuta mtu ametajwa kwa kabila tu, haoni kivuli. Anaona kizuizi cha barabarani na mtu anayeulizwa, wewe ni nani.

Maji ya Kinjeketile yanaingia mahali hapo hasa. Kabla ya maji, watu wanasema kila mmoja kwa kabila lake. Baada ya maji, kwa mara ya kwanza, wanaweza kusema "sisi" wakimaanisha wote. Huo ni umoja wa kweli. Hussein haudharau. Lakini tuangalie jambo hili: hata baada ya kuungana, Mngindo anabaki Mngindo na Mkichi anabaki Mkichi. Mtunzi hawapi majina. Twaweza kusema kwamba umoja uliotundikwa juu ya maji ulifika hadi kwenye makabila, ukaishia hapo, haukufika kwa mtu. Hatudai kwamba Hussein aliandika akifikiri hivyo. Tunasema kwamba matini yanaruhusu kusomwa hivyo, na kwamba usomaji huo unaunganisha mhusika na dhamira kwa njia ambayo orodha haiwezi.

Maji ya huku

Masimulizi ya maji ya vita yamepita nchi hizi mara nyingi. Katika eneo la Aru na ng'ambo ya mpaka, upande wa West Nile nchini Uganda, Walugbara walipata maji ya Yakani kutoka kwa nabii Rembe, ambaye alikuwa Mkakwa. John Middleton aliandika juu yake mwaka 1963. Aliyekunywa aliahidiwa kinga dhidi ya risasi na maradhi, na mwaka 1919 maji hayo yaliambatana na maasi katika West Nile. Kisha mwaka 1964 waasi wa Simba waliuteka mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani, na kuenea hadi huku kwetu. Walipewa dawa, walinyunyiziwa maji, walifungwa na miiko mikali, na walikwenda mbele wakilia jina la Mulele pamoja na neno "mai". Mulele mwenyewe alikuwa Kwilu, upande mwingine kabisa wa nchi. Jina lake lilikuwa limemtoka na kwenda kupigana mahali ambapo yeye hayupo. Hussein alipochapisha tamthilia yake miaka mitano baadaye hakuwa akiandika juu ya Kongo; lakini ni vigumu kwa Mkongo kusoma habari za neno lililomzidi mwenyewe bila kukumbuka jambo hilo.

Katika miaka ya 1990 neno lilirudi tena kama jina la makundi yenye silaha katika Kivu, na katika Mambasa jina la Simba likaungana nalo. Hapo pana jambo dogo la lugha. Kiswahili cha Tanzania kina "maji", chetu kina "mayi". Mwandishi wa makala haya amesikia zaidi ya mara moja mwanafunzi akisoma kwa sauti maneno ya Kinjeketile mbele ya wenzake, akafika kwenye "maji", ulimi ukateleza ukasema "mayi". Darasa hucheka kwa sababu ya kosa la matamshi. Halafu kicheko hukatika, kwa sababu herufi moja imeihamisha tamthilia kutoka Rufiji mwaka 1905 na kuileta barabarani, na katika chumba kile wamo watoto wa waliopaka dawa na watoto wa waliokimbia waliopaka dawa, wameketi benchi moja.

Tunalitaja hili si kwa kutaka kuhuzunisha. Ni suala la mbinu. Wapo wanaosema kwamba mhakiki aache maisha yake mlangoni, achambue matini peke yake. Tunakubali kwamba matini hayapaswi kusemeshwa yasiyoyasema. Lakini swali la kwa nini watu waliamini maji hujibiwa kwa wepesi mno na yule ambaye hajawahi kuona watu wanaoamini. Huandika "ujinga". Mwanafunzi wa hapa aghalabu haandiki neno hilo, hata anapokuwa haamini dawa yoyote, kwa kuwa anajua kwamba mtu asiye na bunduki na asiye na pa kukimbilia hachagui kati ya imani na akili. Anachagua kati ya imani na kukaa akingoja.

Mifano mingine kwa ufupi

Si kila tamthilia ya kihistoria huhitaji kuhamisha tarehe. M. M. Mulokozi, katika "Mukwava wa Uhehe" ya mwaka 1979, alikuwa na mtu ambaye historia yenyewe ilimpa mwisho wa kijukwaa: Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, na kichwa chake kikachukuliwa. Kazi ya mtunzi hapo ni nyingine. Hussein naye, miaka miwili tu baada ya "Kinjeketile", aliiacha historia ya majina halisi. Katika "Mashetani" ya mwaka 1971, vijana wawili, Juma na Kitaru, wanaingia katika mchezo wa Shetani na Binadamu, na mtazamaji hana tena kumbukumbu ya kale ya kushikilia. Ameachwa na ishara. Anayetaka kufuata safari hiyo yote asome kitabu cha Alain Ricard cha mwaka 1998 juu ya Hussein. Kiko kwa Kifaransa, kwa hiyo wanafunzi wetu hawana kisingizio.

Kwetu Kongo kuna mfano ulio kinyume kabisa, nao unastahili makala yake. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi limeigiza kwa Kiswahili cha Katanga kwa miaka mingi bila maandishi ya mtunzi mmoja. Johannes Fabian alishuhudia mwaka 1986 jinsi kundi hilo lilivyotengeneza mchezo kutokana na msemo kwamba mamlaka huliwa yote kwa ukamilifu, na mwaka 1990 akachapisha maneno yao pamoja na mazungumzo ya mazoezini. Hapo dhamira ndiyo iliyotangulia, ikiwa msemo mtupu, na waigizaji wakatafuta watu wa kuubeba: chifu, wazee, wanakijiji. Wahusika walizaliwa kwa mabishano. Kwa Hussein, mtu ndiye aliyetangulia na dhamira ikachimbuliwa ndani yake. Njia zote mbili zinafika jukwaani, lakini mhakiki anayetumia orodha ileile kwa zote mbili hataona kwamba ni njia mbili.

Kimya cha mwisho

Turudi kifungoni. Kinjeketile anajua kwamba maji hayakuzuia risasi. Kitunda anajua. Watazamaji wanajua. Wakoloni wanataka jambo moja tu: aseme kwa kinywa chake kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Sababu anayoitoa haimo katika maji. Anaona kwamba akisema maji yalikuwa uongo, kesho afisa atawaambia watoto kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Neno lililomponyoka na kuua watu wake ndilo analokataa sasa kulikana, kwa sababu limekwisha kuwa mali ya watu ambao hawajazaliwa.

Hapa darasa hugawanyika kila mwaka, na tumeacha kujaribu kulipatanisha. Upande mmoja husema kwamba huo ndio ushujaa mkubwa kuliko wote: mtu anakufa akilinda haki ya watoto wake kutoona aibu. Upande wa pili husema kwamba kuna ukweli mmoja tu aliokuwa nao wa kuwapa watu, yaani kwamba maji hayazuii risasi, na akaenda nao kaburini. Kwamba mtoto wa Mngindo atakayeletewa maji mengine na nabii mwingine angeokolewa na ukiri ule. Upande huu wa pili una hoja ambayo vitabu vya mwongozo vilivyoandikwa kwa furaha ya uhuru havikuipa nafasi. Hussein mwenyewe haufungi mjadala. Angependa kuufunga angemwacha Kinjeketile afe mahali historia ilipomwua, Mohoro, tarehe 4 Agosti, mdomo wake ukiwa bado hauna la kujibu.

Mwaka mmoja mwanafunzi aliyepewa nafasi ya Kitunda katika zoezi la darasani alikataa kusimama karibu na Kinjeketile katika onyesho hilo, ingawa mwenzake aliyeongoza mchezo alimwelekeza hivyo. Alikwenda akasimama mbali, amempa mgongo. Alipoulizwa sababu, alisema kwamba Kitunda ndiye aliyewahesabu waliokufa, na mtu aliyehesabu hawezi kumtazama usoni mtu aliyenyamaza. Maelekezo hayo hayamo katika kitabu. Tuliyaacha yakae, na katika karatasi ya mtihani ya mwaka uliofuata tuliondoa swali la kutaja sifa tano za Kinjeketile, tukauliza: katika onyesho la mwisho, Kitunda asimame wapi, na kwa nini?